Mguu wa Mkasi Mikononi mwa Mpaka Chokaa

Fundi cherehani huyu alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini mtaa mzima ulimwita Mkasi, na hakuna aliyedhani kwamba ni kwa sababu ya kazi. Mafundi wengine wa mtaa huo walikuwa na mikasi vilevile, na waliitwa kwa majina yao. Yeye ulimi wake ndio uliokata. Mteja akileta kitambaa hafifu, ataambiwa. Mteja akinenepa ataambiwa pia, tena mbele za watu, utepe wa vipimo ukiwa bado umemzunguka kiuno. Hawakumkimbia kwa sababu sare ya shule aliyoshona yeye ilivaliwa na mtoto wa kwanza, ikarithiwa na wa pili, na wa tatu akaikuta haijaachia mshono hata mmoja.

Watu wengine aliwasema kwa zamu. Aliyesemwa kila siku ni mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa akifunga plasta za mifupa hospitalini. Mkasi ndiye aliyembandika jina la Mpaka Chokaa, na jina likashika hata kwa watu wasiomjua. Mteja mpya hakumaliza kupimwa mabega kabla hajasimuliwa jinsi Mpaka Chokaa alivyomfunga mama yao mzazi plasta ya kifundo cha mguu, plasta ikatoka, mguu ukawa umepinda, na mama wa watu akachechemea mpaka anaingia kaburini. Aliisimulia hadithi hiyo huku akikanyaga pedeli, na alipofika penye kaburi alisimamisha cherehani kidogo ili msikilizaji apate nafasi ya kusikitika.

Kinyozi wa mlango wa pili aliijua hadithi hiyo kwa moyo. Ukuta kati yao ulikuwa wa mbao nyembamba.

Siku Mkasi alipovunjika ilianza kwa ugomvi kama siku nyingine. Kinyozi alikuwa na tabia ya kufua taulo zake na kumwaga maji ya sabuni barazani, kwenye saruji iliyokwisha kulainika kwa nyayo za watu. Mkasi alikuwa amemwonya mpaka amechoka. Asubuhi hiyo akasikia tena maji yakimwagika, akaiacha sketi katikati ya mshono, akatoka mbio kwenda kumpa kinyozi vidonge vyake. Neno la kwanza halijatoka kinywani, mguu wa kulia ukakanyaga povu. Alianguka mguu ukiwa umejikunja chini yake. Kinyozi anasema alisikia mlio. Mkasi anasema kinyozi hana masikio, angekuwa nayo asingemwaga maji.

Binti yake alimpeleka hospitali. Daktari wa mifupa, mwanamke wa umri wa binti huyo, aliitundika picha ya eksirei kwenye taa na kuwaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Mama, umevunjika pande zote mbili za kifundo, nje na ndani, na mguu wenyewe umesogea kidogo kwenda nje. Kwa kawaida hapa tunafungua, tunaweka chuma na skurubu. Lakini sukari yako iko juu, na ngozi ya hapa ni nyembamba. Nikikukata, kidonda kinaweza kukataa kufunga, na kidonda kikikataa tunaweza kuupoteza mguu."

"Kwa hiyo niende nyumbani nikafe?"

"Hapana. Tutakuchoma ganzi, tuurudishe mfupa kwa mikono, halafu tukufunge plasta inayoshika mwili, isiyo na pamba nyingi ndani. Mfupa ukitulia humo, hakuna kisu. Ukihama, tutarudi kwenye kisu, na kwenye kisu mimi siwezi kukuahidi kitu."

Katika yote hayo Mkasi alishika jambo moja, kwamba ule ni mguu wa kulia. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mguu huo ndio uliomsomesha binti, ukaezeka nyumba, ukamlisha mama yao mpaka mwisho. Fundi asiye na mguu wa kulia atakuwa wa kukaa mlangoni akitazama wengine wakishona. Aliogopa, na kwa kuwa hakuzoea kuogopa, akakasirika.

"Anafunga nani hiyo plasta?"

"Mimi na fundi wetu wa plasta."

"Hakuna fundi mwingine?"

"Ndiye huyo mmoja. Kwani vipi?"

Binti akaanza kutazama dari. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mwenye mvi, aproni yake imetapakaa madoa meupe, mkononi ndoo ya maji ya uvuguvugu. Alipoona mguu ni wa nani alisimama, ndoo ikamwagika kidogo. Hakuna aliyemwamkia mwenzake.

"Mwambie mama yako alegeze goti," akamwambia binti.

"Mwambie mjomba wako goti langu halijawahi kumkazia mtu," akasema Mkasi.

Daktari akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kumbe mnajuana?"

"Tulinyonya kwa mama mmoja," akasema Mkasi. "Mimi nikanyonya na akili, yeye akakuta maziwa matupu."

Mpaka Chokaa akaiweka ndoo chini. Daktari aliuvuta mguu, mfupa ukarudi kwa mlio ambao binti aliukimbia hadi ukumbini, na yule mdogo mtu akaanza kuzungusha bandeji zilizoloweshwa, haraka, akizilaza kwa kiganja kila mzunguko. Kisha akaushika. Kiganja kimoja alikiweka upande wa nje wa kisigino na kingine upande wa ndani, juu ya kifundo, akasukuma vyote viwili kuelekeana, akakaa hivyo bila kutikisika mpaka plasta ikapata joto na kuanza kukauka. Mkasi muda wote aligeukia ukutani. Miaka yote hiyo hakumpa huyo mtu hata mkono, na sasa alikuwa amempa mguu.

Walipomaliza, binti akaitwa arudi.

"Mwambie mama yako hivi," akasema mjomba wake. "Sasa mguu umevimba. Uvimbe ukishuka, plasta itapwaya. Ikipwaya aje siku hiyohiyo, asingoje tarehe. Tutaikata tufunge nyingine. Na asitie kitu ndani. Hata uzi."

Kwenye neno hilo la uzi alimtazama dada yake usoni kwa mara ya kwanza. Mkasi aliona anadharauliwa yeye na cherehani yake. Akatoka kwa magongo bila kuaga.

Ili mtu aelewe kilichofuata, lazima ajue habari ya mama yao. Bibi huyo alikuwa akiishi kwa Mkasi alipoteleza kwenye ngazi na kuvunjika kifundo. Mwanawe wa kiume, siku hizo bado mgeni kazini, ndiye aliyemfunga. Mkasi ndiye aliyemwogesha, akambeba chooni, akamlisha, akashona kwa mkono mmoja huku mwingine ukimkandakanda mgongo. Uvimbe uliposhuka bibi akalalamika kwamba mguu unaelea mle ndani na plasta inamchubua. Kwenda hospitali ilikuwa ni kumbeba mzegamzega mpaka barabarani. Mkasi akakata vipande viwili vya flaneli laini, akavikunja, akavipiga bandi kwa sindano visichanuke, akavisokomeza taratibu kwa rula ya mbao pale palipopwaya, upande wa ndani wa kisigino. Bibi akashukuru, akalala usingizi wa maana. Siku ya kutoa plasta jirani ndiye aliyempeleka, kwa kuwa Mkasi alikuwa na sare za kukabidhi. Mama aliporudi, mguu umepinda. Mkasi akavaa viatu, akaenda moja kwa moja hadi hospitalini, akamchamba mdogo wake mbele ya wagonjwa na wauguzi, na tangu hapo hawakuiva chungu kimoja. Kwenye msiba wa mama yao kila mmoja alipokea pole upande wake wa nyumba.

Vile vitambaa Mkasi hakuviwaza tena. Kwake vilikuwa wema kati ya mambo mengi mema aliyomtendea mama yake, na nani hukaa akihesabu wema wa aina hiyo?

Basi uvimbe wake yeye nao ukashuka. Asubuhi moja akausikia mguu ukicheza ndani ya plasta, kisigino kinapanda kinashuka. Binti alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Simu ilikuwa karibu, na dereva wa pikipiki wa mtaani alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba ataitwa saa yoyote. Mkasi akafikiria chumba kile, ndoo ile, viganja vile. Akafyonza. Yeye fundi, nguo ikipwaya hairudishi kwa aliyekosea vipimo, anaipunguza mwenyewe. Akaburura kikapu cha vipande, akachagua flaneli ya bluu iliyobaki kwenye bitana ya koti, akakunja, akapiga bandi, akachukua rula, akaisokomeza upande wa ndani.

Ilikaa vizuri. Mguu ukatulia kabisa, na Mkasi akajisifu peke yake chumbani. Kufika jioni akaona afadhali aongeze kimoja.

Kwa siku kadhaa maumivu yalikuja kidogokidogo, ya kuchimba, upande wa nje. Binti alipouliza, aliambiwa kwamba mfupa unaounga lazima uume. Tarehe ya hospitali ikafika, na Mkasi akaenda akiwa tayari kwa vita.

Mpaka Chokaa alileta msumeno wake mdogo wa umeme, akaikata plasta pande mbili, akaipanua. Vitambaa viwili vya bluu vikaangukia shuka. Akazima msumeno. Akakiokota kimoja, akakigeuza, akatazama bandi yake, na uso wake ukabadilika rangi.

"Nenda kamwite daktari," akamwambia binti. "Mwambie tunahitaji picha nyingine."

Binti akatoka. Mlango ukajifunga. Ndugu hao wawili wakabaki peke yao chumba kimoja, jambo ambalo wote wawili walikuwa wamelikwepa kwa miaka.

"Dada," akasema. "Hivi ndivyo nilivyovikuta kwa Mama."

"Ulikuta nini?"

"Flaneli. Ya waridi, ile. Imekunjwa hivihivi, imepigwa bandi hivihivi. Upande uleule."

Mkasi akavuta shuka juu ya goti. "Plasta yako ilikuwa inampwaya. Ilikuwa inamchubua. Nilimsaidia."

"Ulimsukuma mfupa. Ukijaza upande huu wa ndani, kisigino kinakwenda nje, hakina pengine pa kwenda. Ungemleta tu, ningembadilishia kwa muda wa kunywa chai."

"Mwongo wewe. Ingekuwa kweli ungesema. Nilikutukana hapa mbele ya watu, ukanyamaza."

"Mama alinikataza."

"Mama hakujua chochote."

"Alikuwa amekaa hapohapo ulipokaa. Aliviona vikitoka. Alinishika mkono huu, akasema, dada yako ndiye ananiogesha, ndiye ananilisha. Ukimwambia hili hataweza kunitazama tena. Mguu ni wangu, nimekubali. Akaniapisha." Alikiweka kile kitambaa juu ya meza, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Wewe ukaja siku ileile ukaniita muuaji."

"Na miaka yote hii nikikusema?"

"Nilikuwa nasikia. Kinyozi wako ananyoa nusu ya wafanyakazi wa hapa. Kila neno nililetewa, na chumvi juu. Na usije ukadhani nilinyamaza kwa wema, sina wema huo. Nilinyamaza kwa ajili ya Mama. Wewe nilikuchukia. Hata leo ulipoingia hapa nilikuchukia."

Hayo aliyasema bila kupaza sauti. Mkasi aliikumbuka flaneli ya waridi. Ilikuwa masalio ya gauni la kulalia alilomshonea mama yake mwenyewe. Mtu huyu asingeweza kuijua rangi ile bila kuiona. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na hakuwa na kitambaa cha kuifunika.

Daktari alirudi na picha mpya. Hakuificha hasira yake.

"Mfupa umehama. Mama, nilikuambia nini? Sasa tuzungumze habari ya kufungua."

"Nipe nafasi moja," akasema Mpaka Chokaa. "Bado haujashika. Unarudi."

"Na usiporudi?"

"Usiporudi mpeleke kwenye kisu."

Daktari aliwaza, akatazama karatasi ya sukari, akatazama ule mguu mwembamba wenye ngozi ya kung'aa. "Moja tu," akasema. "Picha isiponiridhisha, kesho asubuhi yuko chumba cha upasuaji."

Wakachoma ganzi tena. Wakavuta tena. Safari hii Mkasi hakugeukia ukutani. Aliviona viganja vikija, kimoja nje ya kisigino, kingine ndani juu ya kifundo, juu kidogo ya pale alipokuwa ameingiza flaneli yake. Mdogo wake aliinama, akaweka uzito wote wa mabega, jasho likamtiririka puani na hakuwa na mkono wa kulifuta. Mtu anayekuchukia anaweza kukushika ovyo na hakuna atakayejua. Huyu alishika mpaka mikono ikaanza kutetemeka, na ilipotetemeka akazidi kukaza.

Mkasi alitaka kusema neno.

"Unabana sana," akasema.

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Sawa."

Machozi yakamtoka. Binti akauliza kama ganzi imeisha, naye akasema ndiyo, imeisha.

Picha ilipotoka, daktari aliitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na taa, akaitazama tena. Kisha akasema umerudi, na kwamba sasa kila mtu aombe ukae.

Ulikaa, lakini si kwa amani. Siku plasta ilipoanza kupwaya tena, binti hayupo, mkono wa Mkasi ulijikuta wenyewe ndani ya kikapu cha vipande, umeshika flaneli. Akaitazama. Akaitupa uani na kumwita dereva wa pikipiki. Alifika hospitalini bila tarehe, akakaa kwenye benchi la mbao kati ya watoto waliovunjika mikono, akangoja zamu yake bila kumsema mtu yeyote. Mpaka Chokaa alipomwona alisema tu, "Imepwaya?" naye akasema, "Imepwaya," na ikakatwa, ikafungwa nyingine. Walizozana kidogo juu ya namna ya kuweka gongo. Hakuna aliyecheka.

Wiki za plasta zilipokwisha, ya mwisho ikakatwa. Mguu ulitoka mwembamba, mweupe wa vumbi, umejaa magamba, na umenyooka. Daktari akaupinda huku na huku, akasema hakuna kisu tena, aanze kuukanyagia taratibu, halafu akaenda kwa wagonjwa wengine. Binti akatoka kutafuta usafiri. Mpaka Chokaa alikuwa akiosha ndoo yake.

"Yale maneno," akasema Mkasi.

"Maneno gani?"

"Unayajua."

Mdogo wake akaendelea kusugua. "Uliyasemea humu ndani?"

"Siku ile moja. Mengine hapana."

"Mengine uliyasemea wapi?"

"Mtaani."

"Basi kayafute hukohuko," akasema, na akamwaga maji.

Mkasi alirudi kwenye cherehani yake. Pedeli mwanzoni ilimuuma, baadaye ikamzoea. Wateja walirudi, na ulimi nao ulirudi, maana mfupa ndio uliovunjika, si ulimi. Kinyozi alisemwa kwa maji, kwa taulo, kwa redio. Kuhusu mdogo wake hakusema kitu. Alidhani kunyamaza kutatosha. Alikuwa mwoga, tuseme ukweli, na alijua hivyo, na usiku hakulala vizuri.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kuchukua sare ya mwanawe. Akasubiri kifungo cha mwisho kishonwe, na katika kusubiri akaeleza shida yake. Mama yake mzee ameanguka bafuni, kifundo kimevunjika, na hospitali wamesema hawatamkata, watamfunga plasta tu.

Upande wa pili wa mbao, mashine ya kinyozi ikanyamaza. Kichwa chake kikachungulia mlangoni.

"Mama, usithubutu," akasema kinyozi. "Pale kuna mtu anaitwa Mpaka Chokaa. Muulize huyu hapa. Alimfunga mama yake mzazi, plasta ikatoka, mguu umepinda, na mama wa watu akachechemea mpaka anaingia kaburini."

Alipofika penye kaburi akanyamaza kidogo, ili msikilizaji apate nafasi ya kusikitika.

Mkasi alisikia maneno yake mwenyewe, na kituo chake mwenyewe, kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Yule mwanamke alikuwa ameshaanza kukunja uso. Angeondoka hapo ampeleke mama yake kusikojulikana, au amrudishe nyumbani akae na mguu wake. Mkasi akaondoa mguu kwenye pedeli.

"Si yeye," akasema.

Kinyozi akacheka. "Si yeye vipi? Wewe mwenyewe si ndiye..."

"Mimi ndiye. Yeye alifunga vizuri. Plasta ikapwaya, mimi nikatia vitambaa ndani, mfupa ukasogea. Mama yangu nilimlemaza mimi, halafu nikakaa hapa nikamsema mwenzangu. Uliyoyasikia yote kupitia ukuta huu ni uongo, na wewe uliyempelekea kila mtu unayemnyoa, mpelekee na hili."

Kinyozi alibaki na mashine mkononi. Nyuma yake, mteja aliyenyolewa nusu alikuwa amesimama na taulo shingoni, akisikiliza. Barazani wapita njia wawili walikuwa wamesimama pia. Mkasi aliwaona wote, akaona uso ukimwaka moto, akakata uzi wa kifungo kwa meno na kuikunja ile sare.

"Mpeleke pale," akamwambia mwanamke. "Plasta ikipwaya, mrudishe siku hiyohiyo, usiguse kitu. Na huyo fundi mwambie umetumwa na dada yake."